Hayupo, Kaenda Mwanjelwa

Nilijua kuna kitu kimenipita nilipoona migebuka mezani.

Ilikuwa jioni ya Septemba. Nilikuwa nimetoka kwenye chumba changu cha kazi, shingo imekakamaa lakini roho kwatu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimefasiri kurasa 11 za mwongozo wa chanjo za kuku, na mfasiri akipata siku ya namna hiyo huisimulia mwezi mzima. Nikanawa mikono, nikafunua bakuli. Migebuka mikavu, imeungwa kwa nyanya na karanga za kusaga.

Sisi wa Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya, samaki wetu wa kila siku ni usipa wa Ziwa Nyasa. Migebuka ni ya Tanganyika. Kwetu haiji yenyewe, huletwa na mtu.

“Nani kaja?” nikamuuliza mama.

“Yule rafiki yako wa Sumbawanga. Yule mrefu.”

“Agripina? Lini?”

“Leo, saa tano. Basi lao limepata pancha pale Nane Nane, akachukua bajaji kuja kukuona. Alikuwa na saa moja tu.”

“Sasa ukamwambiaje?”

Mama akamega ugali, akauviringisha bila haraka. “Nikamwambia hayupo. Kaenda Mwanjelwa.”

Mama yangu ni mzee wa kanisa. Akirudishiwa chenji iliyozidi shilingi 200, atarudi sokoni kuirudisha hata kama mvua imeshika. Na mimi sikuwa Mwanjelwa, sokoni mjini Mbeya. Nilikuwa hatua chache kutoka alipokuwa, nyuma ya mlango, natafakari kama wafugaji wataelewa zaidi nikiandika “kideri” au “mdondo”, majina mawili ya ugonjwa mmoja wa kuku.

Agripina sijamtia machoni tangu 2016.

Sikusikia hata hodi.

Chumba kilikuwa kimefanya kazi yake.

Stoo

Sitawachosha na sababu za kutaka chumba. Nyote mliojaribu kufanyia kazi sebuleni mnazijua, na mimi niliongezewa mashine ya kusaga ng’ambo ya barabara na malori yanayokata kona kwenda Tukuyu na mpaka wa Kasumulu. Mwezi Mei mama alikubali kunipa stoo ya mahindi iliyoko uani. Tofali za kuchoma, mabati juu, mita 3 kwa mita 2 na nusu, bila dirisha. Masharti yalikuwa mawili: nifukuze panya mwenyewe, na mavuno yakija Julai, mahindi yana haki ya kurudi kwao.

Nilikuwa nimesoma mengi mno kuhusu vyumba vya kazi. Rangi za kuta, mimea ya mezani, viti vya bei ya pikipiki. Karibu yote yaliandikwa na watu wanaoishi kwenye nyumba zenye dari nene na majirani wasiosalimiana. Nikachukua machache.

La kwanza lilikuwa dirisha, na hapo nilibishana na fundi. Yeye alitaka litazame kusini, upande wa uani, kwa sababu ndiko ukuta ulikokuwa rahisi kuvunja. Mimi nikasema kaskazini.

“Dada, jua si linatoka mashariki?”

“Linatoka mashariki. Mchana linapita wapi?”

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo Juni na Julai, baridi inapotutafuna, jua la saa sita limeegemea kaskazini na dirisha la upande huo hulimeza. Desemba, wakati hakuna anayeomba joto, jua limehamia kusini na dirisha lile lile linabaki kivulini. Fundi akautazama mparachichi na kivuli chake (ilikuwa mchana), akanyamaza, akachukua nyundo.

Meza nikaitengenezesha kwa mbao za paina kutoka Mafinga. Nilisema sentimita 73, ikaja 80, kwa sababu meza zote za fundi yule huja 80. Aliikata pale pale uani, kwa macho tu, na mguu mmoja ukatoka mfupi kuliko wenzake. Nikauwekea kipande cha gunzi. Ni gunzi hilo hilo ninalolikanyaga kwa kisigino ninapoandika sentensi hii.

Mwanzoni meza ilitazama dirisha. Ukiinama kidogo kushoto unauona mlima Loleza, na asubuhi mawingu huushuka kama mtu anayeteremka ngazi akiwa bado na usingizi. Kwa siku nne sikufasiri kitu. Nikaigeuza meza itazame ukuta, dirisha likawa begani kwangu la kushoto, mwanga ukaacha kupiga kioo cha kompyuta, na mimi nikaacha kujua kinachoendelea nje.

Kumbukeni hilo la kuacha kujua. Nitalirudia.

Ukuta unaoliwa

Kijana mmoja anayerekodi kwaya alinishauri nibandike trei za mayai ukutani. Nilifanya hivyo. Chumba kikapunguza mwangwi kidogo na mashine ya kusaga ikaendelea kuunguruma kama haijaona trei yoyote. Trei ni nyepesi, na sauti haiogopi kitu chepesi. Kinachoizuia ni uzito, pamoja na kuziba nyufa. Ufa wa kidole chini ya mlango unaweza kuupa hasara ukuta mzima wa tofali.

Uzito ulikuja Julai, kwa lori, kutoka shambani kwetu Mbozi. Gunia 11.

Nilikuwa nimeuogopa ujio wake kama mtu anayengoja mashemeji. Chumba changu kizuri kingegeuka ghala! Lakini gunia moja lina kama kilo 100, na tulipoyapanga upande wa magharibi, upande wa mashine, mawili mawili kwenda juu, nilikaa kwenye kiti nikashangaa. Mngurumo ulikuwa umerudi nyuma, kama umevuka mto. Ni ukuta bora kuliko wowote niliousoma popote, na unanukia vizuri.

Mama alisimamia upangaji. Chini mbao, ili yasiguse sakafu. Kutoka ukutani, nafasi ya kiganja, kwa sababu mahindi yakiegemea tofali huvuta unyevu, na unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Nilimwambia nafasi hiyo inapitisha sauti. Akaniuliza sauti na tumbo kipi kinauma zaidi.

Tatizo la ukuta huo mmeshaliona. Kila baada ya muda mama huingia na debe, anafungua gunia, anachota, tunaenda kusaga kwenye mashine ile ile ninayoikimbia. Kimya changu kinakwenda sahani kwa sahani. Ifikapo Machi hakitakuwepo.

Kofia la Gernsback

Mwaka 1925, Hugo Gernsback, mchapishaji wa majarida ya sayansi na redio huko New York, alionyesha kwenye jarida lake dawa ya kelele. Lilikuwa kofia la mbao la kufunika kichwa chote mpaka mabegani, ndani na nje limewekewa gome lile laini la vizibo vya chupa, juu likavishwa kitambaa kizito. Machoni vioo vidogo, ili uone karatasi iliyo mbele yako na si kingine. Kelele karibu yote ikabaki nje.

Likaja jambo dogo: aliyelivaa alianza kusinzia. Hewa haikutosha. Gernsback akaongeza mtungi wa oksijeni na mpira wa kuingizia hewa ndani ya kofia.

Kuna picha. Mtu amekaa mezani, kalamu mkononi, kichwa kama cha mzamiaji wa baharini, mtungi umesimama pembeni. Niliicheka sana picha hiyo, nikawatumia wenzangu watatu.

Hiyo ilikuwa Juni.

Jiko

Wiki ya pili ya Julai baridi ya hapa haina mzaha. Umande kwenye majani ya mparachichi, vidole vinakataa kuinama. Niliwasha jiko la mkaa nje, nikalingoja liwe jekundu na lisiwe na moshi, nikaliingiza chumbani. Nikafunga dirisha. Chini ya mlango nikasukumia blanketi kuukuu, mara moja kwa faida mbili: upepo na kelele.

Nilianza kusoma sentensi moja. Nikaisoma tena. Kichwa kikawa kizito upande wa nyuma, nikadhani ni usingizi, maana nilikuwa nimelala saa saba. Nikaisoma sentensi mara ya tatu. Nakumbuka nilifurahia joto.

Mama alikuja kuuliza chumvi iko wapi. Hakupiga hodi, aliusukuma mlango kwa bega, blanketi likakwama, akasukuma tena. Kisha nikawa nje, nimekaa chini, mgongo kwenye mparachichi, natapika chai.

Mkaa ukiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na haiondoki haraka. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotudanganya. Kila mtu wa nyanda za juu amewahi kusikia habari ya waliolala na jiko ndani. Mimi nilikuwa nimefanya zaidi ya kusikia: mwaka jana nilifasiri kipeperushi kuhusu jambo hilo hilo. “Usiingize jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.” Sentensi safi kabisa. Niliidai na pesa.

Tangu siku hiyo ni soksi mbili, blanketi kiunoni, chupa ya maji ya moto miguuni, na kipande cha juu cha dirisha hakifungwi, jua liwake lisiwake. Habari ya jiko ikaishia hapo.

Nilidhani imeishia hapo.

“Neema! Saa ngapi?”

Wiki ile ile mama alianza kuuliza saa.

“Neema! Saa ngapi?”

“Saa nne na robo, mama.”

Baada ya muda: “Neema! Saa ngapi saa hizi?”

Mara tano, mara sita kwa siku. Mama ana saa ya ukutani sebuleni, kubwa kama sinia. Ana redio inayotangaza saa bila kuombwa. Ana miaka 72. Nikaanza kufikiria mambo ambayo mtoto hapendi kuyafikiria kuhusu mzazi wake, na kwa sababu sikupenda kuyafikiria, nikaamua kukasirika.

Mashine ya kusaga ilikuwa imeacha kunisumbua zamani. Haikuniita mimi. Malori hayakuniita. Mvua ikipiga mabati ndiyo kabisa, husikii kitu na hakuna anayekusikia, na hizo ndizo saa zangu bora za kazi. Kilichonikata kila mara kilikuwa neno moja lenye silabi tatu.

Hili lina majaribio yake. Mwaka 1959, Neville Moray wa Uingereza aliwavalisha watu spika za masikioni, sikio hili likisikia maneno haya, lile mengine, akawaambia wafuatilie sikio moja tu. Yaliyopita sikio la pili hawakuyajua hata kidogo. Lakini alipopenyeza humo jina la mtu mwenyewe, karibu theluthi moja waligutuka. Mlinzi aliyemo kichwani anawazuia wote getini, ila ukitaja jina lake anageuka.

Sikuweza kubadili jina. Nikabadili mlango.

Fundi alirudi mwishoni mwa Agosti. Mlango wa mbao mbili, katikati maranda yaliyoshindiliwa, chini ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la lori, pembeni mpira huo huo mpaka juu. Ukifungwa unatoa sauti kama kifuniko cha sufuria kubwa. Na simu, kila asubuhi, nikawa naiacha kwenye droo ya jikoni, imezimwa mlio.

“Saa ngapi” ikakoma. Nikashukuru, nikadhani mama amezoea.

Kigoda

Usiku ule wa migebuka nilitoa simu kwenye droo. Agripina alikuwa amepiga mara tatu. Nikampigia, basi lilikuwa limefika Mikumi.

Nilianza kuomba radhi, akanikatiza kwa kicheko. “Usijali bwana, mama yako kanivunja mbavu. Tumekaa saa nzima.”

“Mmekaa wapi?”

“Pale mlangoni kwa stoo. Kanipa kigoda chake, yeye kakalia debe. Ila tulikuwa tunanong’ona.”

“Kwa nini mnong’one?”

“Alisema kuna mtoto kalala ndani.”

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Saa nzima. Unene wa mbao mbili na maranda. Agripina, ambaye tulilala kitanda kimoja cha juu bwenini mwaka mzima kwa sababu changu kilivunjika, alikuwa amekaa pale akinong’ona ili asimwamshe mtoto ambaye ni mimi.

Kesho yake saa nne nilifungua mlango ghafla. Mama alikuwepo. Ungo wa maharage mapajani, kikombe cha chai chini, kanga ya pili mabegani. Chini ya kigoda udongo ulikuwa umeingia ndani, miguu mitatu ya kigoda imejichimbia vishimo vyake vitatu, laini, vya siku nyingi.

“Mama, unafanya nini hapa?”

“Nakaa.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku ile ya jiko.”

Akaendelea kuchambua. Jiwe huku, maharage kule. Halafu akasema, bila kuniangalia, kwamba mtu akijifungia hujui kama anafanya kazi au amekufa. Ukimuuliza “hujambo?” kila saa, atakuona mjinga. Ukimuuliza saa, anajibu tu.

“Ukijibu, najua upo.”

Sikupata la kusema. Nikauliza, basi ulipoacha kuniita, ulijuaje?

Akanyoosha kidole cha mkono wenye jiwe. Nikazunguka nyuma ya stoo. Kutoka pembe ya ukuta mpaka chini ya dirisha langu la kaskazini, majani yalikuwa yamelala, njia nyembamba iliyokanyagwa, inafika kwenye dirisha na kugeuka. Pale kwenye tofali, usawa wa kifua chake, alikuwa amezoea kushika: alama ya kiganja, rangi ya udongo.

Amekuja pale kila siku, mara nyingi kwa siku, na mimi nilikuwa nimegeuza meza.

Alikokuwa baba

Kuhusu uongo, mama hakukubali kwamba ni uongo.

“Nilisema hayupo. Kwani ulikuwepo?”

“Na Mwanjelwa?”

“Hilo la Mwanjelwa ni adabu. Mtu huwezi kumwambia hayupo ukaishia hapo.”

Kisha likaja lililonikalia kichwani wiki zote hizi. “Baba yako alipokuwa anasahihisha mitihani, unadhani watu walikuwa hawaji? Yeye nilikuwa nampeleka kwa afisa elimu. Miaka ishirini.”

Mimi nakumbuka vizuri meza ya baba. Taa, kalamu nyekundu, rundo la karatasi, na nyumba nzima kimya. Nimekua nikiamini kimya kile kilitoka kwake, kwamba kuna watu wakikaa kufanya kazi dunia huwanyamazia. Niliposoma kuhusu vyumba vya kazi, nilipopima dirisha na kuchagua mbao, nilikuwa natafuta meza ya baba. Sikuwahi kujiuliza mama alikuwa wapi saa hizo. Alikuwa nje ya picha, upande wa mlango, na sisi watoto alitupeleka kwa jirani.

Nilirudi kwenye picha ya Gernsback, ile niliyoicheka. Mtu, kofia, mtungi. Safari hii nilitafuta kitu kingine. Nani aligeuza koki ya mtungi? Nani alijibu bisho la mlango wakati mwenye kofia hasikii? Picha haisemi, na nadhani vitabu vyote nilivyosoma vya kupanga chumba cha kazi ni ndugu zake. Vinakupa urefu wa meza. Havikuambii nani atakaa nje. Bosi wa ofisini ana katibu muhtasi na mlinzi wa geti, nao wanalipwa, jambo ambalo angalau ni wazi.

Nikafanya pia hesabu niliyokuwa naikwepa. Nina daftari la kazi, naandika kurasa kila jioni. Nililinganisha Agosti ya “saa ngapi” na Septemba ya mlango mpya. Tofauti haikufika hata ukurasa mmoja kwa siku. Ile siku ya kurasa 11 ilikuwa bahati tu, au kuku ni wepesi. Gloria Mark na wenzake walilichunguza jambo la namna hii mwaka 2008: waliokatizwa kazi waliimaliza upesi zaidi, ila walilipa kwa msongo wa mawazo na kuhisi wanakimbizwa. Upande wa msongo naukubali. Agosti nilikuwa mtu wa kukwepwa mezani. Lakini mlango ule niliununua kwa hoja ya kurasa. Kurasa hazikuja.

Siku mbili

Nilichofanya baada ya hapo nilidhani ni wema. Nilimwambia mama apumzike. Asikae tena nje na baridi, nitaacha mlango wazi, nitajisimamia.

Alikaa sebuleni siku mbili mbele ya runinga akiwa na sura ya mtu aliyevuliwa uongozi. Hakula vizuri. Siku ya pili jioni Mama Atu, jirani wa upande wa chini, alinisimamisha njiani: mama anaumwa? Mbona hakai pale?

Nikagundua kwamba “pale” pana historia. Pale ndipo Mama Atu alipomalizia ugomvi wake na mwenye mashine. Pale kijana wa bajaji alipewa ushauri wa mahari. Miaka mitatu mama ameishi na mimi Uyole bila kumjua mtu zaidi ya watu wa kanisani, na miezi miwili ya kigoda ilikuwa imempa mtaa mzima, kwa kunong’ona. Nilikuwa nimejitungia hadithi ya mzee anayeteseka kwenye baridi kwa ajili ya bintiye. Sehemu yake ni kweli. Sehemu nyingine ni kwamba nilikuwa nimemfukuza kwenye baraza lake.

Siku ya tatu hakuniuliza. Nilisikia miguu ya kigoda ikirudi kwenye vishimo vyake.

Mpaka leo sijui hii ni kazi anayonifanyia au ni nafasi niliyompa, na nikimuuliza anasema nina maswali mengi kama mtu asiye na njaa. Nimejaribu kumpa pesa mwisho wa mwezi; alizipokea, akanunua mbolea ya shamba langu.

Tulichokubaliana ni kidogo. Mlango haubani tena, ule mpira wa pembeni nimeuchomoa. Badala ya saa, anagonga ukuta mara mbili kwa ufunguo, nami nagonga meza mara mbili. Hakuna jina. Nimeigeuza meza nusu, dirisha liko pembeni ya jicho; akipita nyuma namwona, naye anajifanya anaangalia parachichi. Na wageni tuliwagawa, kazi iliyochukua jioni nzima na birika mbili za chai. Mwenye kuuza kitu, hayupo. Mwenye kukopa, hayupo, na mama ataamua mwenyewe alikokwenda. Msiba, mtoto aliyeumia, na mtu yeyote aliye safarini, yupo, hata kama ninamalizia sentensi.

Agripina alirudi Sumbawanga wiki mbili baadaye kwa basi la usiku. Alipita Uyole saa tisa alfajiri, akanitumia ujumbe nikiwa nimelala.

Sasa ni Novemba. Mvua ya kwanza imeshapiga mabati. Gunia zimebaki saba, na mahali ukuta ulipofunguka nasikia tena vitu: mashine ikizimwa, kuku, ungo ukipepetwa. Alhamisi nilikuwa katikati ya aya kuhusu dozi nikasikia sauti ya mwanamume nisiyemfahamu, anasalimia, anauliza.

“Yupo,” mama akasema. Kisha kimya kidogo, maharage yakianguka kwenye ungo.

“Lakini ngoja kwanza. Una safari?”